Seder ya Mtu Mmoja: Jinsi ya Kuadhimisha Sikukuu za Kiyahudi Maradhi Yanapotanda

Pasaka ya mwaka 2020 iliingia jioni ya tarehe 8 Aprili. Kenya ilikuwa na kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na siku mbili kabla yake Nairobi ilikuwa imefungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Seder, ile karamu ya usiku wa Pasaka, haianzi mpaka giza liingie, na Nairobi giza huingia karibu saa moja hiyohiyo. Hata jirani wa ng'ambo ya barabara hakuweza kuja. Nilitandika kitambaa cheupe, nikaweka sahani moja, kikombe kimoja na matza tatu, ile mikate isiyotiwa chachu, nikaketi. Sikuwa nimewahi kuketi kwenye Seder yenye watu pungufu ya kumi.

Usiku ule nilikumbuka mstari niliokuwa nikiupita kila mwaka bila kuutazama vizuri. Katika Kutoka 12:22 Waisraeli wanaagizwa kwamba mtu asitoke mlangoni mwa nyumba yake hadi asubuhi, kwa sababu pigo linapita nje. Pasaka ya kwanza kabisa ilikuwa ya watu waliojifungia ndani, kila nyumba na mlango wake. Nilipotambua hivyo nililia kidogo, kisha nikaanza kusoma.

Niliyojifunza tangu wakati huo nimeyapanga hapa kwa hatua. Nawaandikia ndugu wa Nairobi na Kasuku, wa Mbale na Arusha, ambako sisi ni wachache na mara nyingi rabi yuko mbali. Namwandikia pia msomaji asiye Myahudi mwenye rafiki au jirani aliyefungiwa ndani wakati wa sikukuu, ambaye angependa kujua amsaidieje. Wala si kwa ajili ya korona tu. Kipindupindu hurudi kwetu kila mvua zinapozidi, na Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola tarehe 20 Septemba 2022, siku chache tu kabla ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi.

Hatua ya 1: Tuliza dhamiri kwanza

Wengi hukwama hapa, hasa wazee. Mtu anaona kubaki nyumbani ni upungufu wa imani. Sheria yetu inasema kinyume. Walawi 18:5 inasema mtu akizitenda amri ataishi kwa hizo, na wahenga wa Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya sheria yetu, wakaongeza: aishi kwazo, wala asife kwazo. Kuokoa uhai kunatangulia Shabati, siku yetu ya mapumziko, kunatangulia mfungo wa Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, kunatangulia karibu kila kitu. Walisema pia kwamba mtu avunjiwe Shabati moja ili apate kushika Shabati nyingi.

Kwa hiyo anayebaki nyumbani wakati sinagogi ni hatari anatimiza amri, hajaiacha. Mwambie mama yako hivyo kabla hujamweleza lolote kuhusu barakoa au simu ya video. Asipolikubali hili, hatua zote zinazofuata atazifanya huku moyo wake ukimsuta.

Hatua ya 2: Jua ugonjwa unapita njia gani

Usipange sikukuu kabla ya kujua adui anaingilia wapi. Ugonjwa wa hewani, kama UVIKO-19, unataka madirisha wazi, watu wachache, muda mfupi, na kuimba kupunguzwe, kwa maana kuimba kwa nguvu hutoa pumzi nyingi. Kipindupindu kinataka jambo jingine kabisa: maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, mikono safi, na mboga za Seder zioshwe kwa maji salama, kwa kuwa nyingine huliwa mbichi. Ebola inataka watu wasigusane, na wasishiriki vikombe wala matandiko.

Tuna mazoea mengi ya kugusa na kubusu. Tunabusu mezuza, kijisanduku chenye maneno ya Torati kinachobandikwa mlangoni, tunagusa Torati inapopitishwa katikati ya watu, tunanywea kikombe kimoja cha baraka ya divai. Yote hayo ni desturi nzuri, na yote yanaweza kusimama kwa muda. Machi 2020 Rabi Mkuu wa Israeli, David Lau, aliwataka watu waache kubusu mezuza. Unaweza kusimama mbele yake, ukaitazama, ukapita.

Hatua ya 3: Tenganisha wajibu, desturi na mazoea ya nyumbani

Chukua karatasi, uigawe sehemu tatu. Sehemu ya kwanza andika yale ambayo sheria inayadai. Usiku wa Seder ni machache: kula matza, kula mboga chungu, kunywa vikombe vinne, kusimulia habari ya kutoka Misri, kusema zaburi za sifa. Ya pili ni desturi za jumuiya: nyimbo za mwisho, kufungua mlango kwa ajili ya nabii Eliya, kuwafichia watoto kipande cha matza. Ya tatu ni mazoea ya ukoo wako: supu ya shangazi, kiti cha babu, wageni ishirini.

Ukishaandika utaona jambo la ajabu: karibu kila unachokosa kiko sehemu ya tatu. Sisemi ni kidogo. Kiti cha babu kikiwa kitupu si jambo dogo hata kidogo. Lakini utajua kwamba unacholilia ni watu, na kwamba sikukuu yenyewe bado iko mikononi mwako.

Hatua ya 4: Anza na maskini na wapweke, wiki nne kabla

Mwanzoni mwa Seder tunatamka kwa sauti: kila mwenye njaa na aje ale. Mlango ukiwa umefungwa maneno hayo yanageuka hewa, isipokuwa umeyatimiza mapema. Kuna sadaka ya zamani ya kuwanunulia maskini unga wa Pasaka. Mwaka wa maradhi itolewe mapema zaidi, maana kazi zimefungwa na waliokuwa wanajiweza jana leo hawajiwezi.

Andikeni orodha ya kila mtu katika jumuiya, hasa wanaoishi peke yao. Kila mmoja apewe mtu wa kumpigia simu, na awe mtu mmoja yuleyule, asibadilishwe kila mara. Kisha pangeni vikapu: matza, chupa ya juisi ya zabibu, majani ya saladi, yai, chumvi, na Haggada, kitabu cha kusomwa usiku wa Seder, iliyochapwa kwa herufi kubwa. Kikapu kinawekwa mlangoni, mleta anarudi nyuma hatua kadhaa, anaita hodi, anasubiri amwone mwenyewe akikichukua. Asiondoke kimyakimya. Kwa mtu aliyekaa ndani wiki tatu, kusalimiwa kwa jina lake na mtu anayemwona kwa macho ni nusu ya kikapu.

Jambo jingine lisilongoja: Pasaka ya 2020 ilianza Jumatano jioni, ikafuatiwa na sikukuu Alhamisi na Ijumaa, kisha Shabati. Anayefuata sheria za Kiorthodoksi, yaani tawi la Uyahudi linaloshika sheria kwa ukali, hashiki simu muda wote huo, zaidi ya siku tatu. Kwa mjane mgonjwa hizo ni siku ndefu mno. Kubalianeni mapema ni nani atapita dirishani kwake na saa ngapi. Na kama upweke wenyewe unahatarisha uhai wake, mwulizeni rabi kabla ya sikukuu. Marabi kadhaa waliruhusu simu katika hali hiyo, kwa sheria ileile ya kuokoa uhai.

Hatua ya 5: Vyakula, mipaka ikiwa imefungwa

Matza ndiyo ngumu. Sisi wa huku tunategemea sana inayotoka nje, na ndege zikisimama nayo inasimama. Agiza miezi mitatu kabla kama unaweza. Ikija kidogo, igawanywe: wajibu wa mtu mmoja kwa usiku huo hupimwa kwa ukubwa wa zeituni, si kwa pakiti. Sanduku moja linaweza kutosha kijiji likigawanywa kwa haki.

Isipofika kabisa, zungumza na rabi kuhusu kuoka mwenyewe. Kanuni ni unga wa ngano na maji peke yake, bila chumvi wala mafuta, na tangu maji yaguse unga hadi chapati nyembamba iive zisipite dakika 18. Tanuri au kikaango kiwe kimeshapata moto mkali kabla hujamimina maji. Tatizo ni unga wa dukani: mara nyingi ngano huloweshwa kidogo kabla ya kusagwa, na hapo ndipo swali la chachu linapoingia. Usijiamulie. Uliza, ukieleza unga umetoka wapi na umesagwaje.

Mboga chungu hazina shida kwetu. Mishna, sehemu ya zamani zaidi ya Talmudi, inataja aina tano, ya kwanza ikiwa saladi ya majani, na ukiiacha shambani muda mrefu utakubali kwamba ni chungu. Watu wa pwani wana mchunga, ambao kila aliyeula anaujua uchungu wake. Kama unafaa kwa amri yenyewe, mwulize rabi, lakini hata ukiwekwa tu mezani utawafundisha watoto jambo. Harosethi, ule mchanganyiko unaofanana na udongo wa matofali ya Misri, utengeneze kwa tende, korosho zilizopondwa, mdalasini na divai kidogo. Nimekula harosethi ya tufaha maisha yangu yote, na tangu mwaka ule wa kufungiwa sijarudi nyuma kutoka kwenye tende.

Mfupa wa sahani ya Seder ukikosekana, weka kiazi-sukari chekundu, yaani bitiruti. Talmudi yenyewe inawataja wahenga walioweka bitiruti na wali.

Myahudi hamiliki chakula chenye chachu wakati wa Pasaka. Kukiuza kwa mtu asiye Myahudi kabla ya Pasaka hufanywa kwa kumpa rabi wakala, na mwaka 2020 marabi wengi walikubali ifanyike kwa simu au fomu ya intaneti. Mabaki ya chachu uyachome uani kwako badala ya kukusanyika kwenye moto mmoja.

Hatua ya 6: Amueni kuhusu video, na muamue bila kugombana

Jambo hili liligawanya nyumba nyingi. Mwishoni mwa Machi 2020 kundi la marabi 14 wa Israeli wenye asili ya Afrika Kaskazini liliruhusu Seder kwa video, kwa masharti: kompyuta iwashwe kabla ya sikukuu kuingia, na ruhusa iwe ya mwaka huo wa dharura tu, ili wazee na wagonjwa wasiachwe. Marabi Wakuu wa Israeli walipinga. Wanamageuzi na Wahafidhina, matawi mengine ya Uyahudi, kila upande kwa hoja zake, walikuwa wepesi zaidi kukubali.

Ushauri wangu ni huu. Fuata rabi wako, na usimhukumu ndugu anayefuata wake. Kama nyumba yako haitumii umeme wa simu siku ya sikukuu, fanyeni mkutano wa video saa moja kabla ya jua kutua. Watoto wawaimbie babu na bibi yale Maswali Manne, babu abariki, kipande cha matza kifichwe bibi akitazama. Kisha simu izimwe, kila nyumba iingie sikukuu na sauti za wenzao masikioni. Nimeona familia zilizofanya hivyo wakati wa korona zikiendelea nayo hadi leo, kwa sababu wapo ndugu walioko Toronto na London ambao hata bila maradhi hawafiki.

Kama mnatumia video wakati wa Seder yenyewe: iwasheni mapema, chaji iwe imejaa, bando litoshe kwa muda wa saa tatu, na kifaa kiwekwe kisizimike chenyewe. Awepo kiongozi mmoja. Wakati wa kuimba mwimbaji mmoja tu afungue sauti, wengine waimbe sauti zao zikiwa zimezimwa, vinginevyo sauti zinafika kwa kuchelewana na wimbo unaharibika. Wakati wa kula, tengeni dakika za kila mtu kuzungumza kwa zamu, na aanze aliye peke yake.

Hatua ya 7: Usiku wenyewe, ukiwa peke yako

Seder ina sehemu 15 na sitazipitia zote, Haggada itakuongoza. Nitasema zile zinazobadilika.

Vaa. Oga na uvae nguo ya sikukuu kana kwamba wageni wako mlangoni. Tandika meza nzima. Niliwahi kushauriwa nile kwenye sinia dogo kwa kuwa niko peke yangu, na ninashukuru kwamba nilikataa.

Soma kwa sauti. Usisome kwa macho. Neno Haggada lenyewe maana yake ni kusimulia, na msimulizi hutumia mdomo. Ukiweza soma Kiebrania, kisha ueleze kwa Kiswahili kana kwamba mtoto amekaa mbele yako. Kiswahili kina neno zuri kwa usiku huu: tulikuwa watumwa. Mtu wa pwani akilitamka anajua anasema nini.

Kisha unafika kwenye Maswali Manne, ambayo kwa kawaida huulizwa na mtoto mdogo kuliko wote. Hapa ndipo nilipodhani nitashindwa. Niulize nani? Baadaye nilikuta kwamba Talmudi, katika Pesahimu 116a, imeshanifikiria. Inasema mtoto mwenye akili ndiye anayeuliza. Kama hawezi, mke anauliza. Na kama hakuna, mtu anajiuliza mwenyewe. Hata wanazuoni wawili wanaojua sheria zote za Pasaka huulizana. Yaani miaka zaidi ya elfu moja kabla ya kafyu ya Nairobi, kuna waliomjua mtu atakayekaa peke yake usiku huu, wakamwekea sheria yake. Jiulize. Uliza kwa sauti, unyamaze kidogo, halafu ujibu. Ukijibu haraka utakuwa unasoma tu.

Kama mko wawili au watatu na mmoja ana dalili, akae chumba kingine, mlango ukiwa wazi kidogo kama daktari ameruhusu, au simulizi ipitie dirishani. Kila mtu na kikombe chake, maji yake ya chumvi, sahani yake ya harosethi. Mtu mmoja amimine divai na avunje matza, akiwa ameosha mikono. Seder ina kunawa mara mbili. Wakati wa maradhi zote mbili ziwe kwa sabuni pia, kabla ya maji ya ibada.

Ukifika wakati wa kufungua mlango kwa ajili ya Eliya, ufungue, na uuache wazi pamoja na madirisha. Mwaka ule nilisimama mlangoni, barabara ikiwa kimya kuliko nilivyowahi kuisikia, na nikasikia kwa mbali mtu mwingine akiimba.

Hatua ya 8: Sala bila umati

Sala kadhaa, ikiwemo Kadishi ya wafiwa, zinahitaji minyani, yaani watu wazima kumi. Waorthodoksi huhesabu wanaume, wengine huhesabu na wanawake. Kumi wasipopatikana kwa usalama, sali peke yako saa ileile wenzako wanaposali, ukiruka sehemu za minyani.

Kama serikali inaruhusu vikundi vidogo, kuna kielelezo cha zamani. Mwaka 1831 kipindupindu kilipoingia Posen, mji ambao leo uko Poland, Rabi Akiva Eger aliagiza watu 15 tu waingie kusali kwa mara moja, kundi moja likimaliza liingie jingine. Fanyeni hivyohivyo: orodha ya zamu, ibada iliyofupishwa, wimbo wa mtu mmoja, madirisha wazi. Afadhali zaidi nje, chini ya mwembe au turubai, viti vikiwa mbalimbali.

Majirani wanaoishi jengo moja wanaweza kusali kila mmoja kibarazani kwake. Israeli walifanya hivyo mwaka 2020. Shulhani Arukhi, kitabu cha sheria cha Rabi Yosef Karo wa karne ya 16, kinasema aliye nje ya sinagogi akionyesha uso wake dirishani anahesabiwa katika kumi. Uso uonekane, ndilo sharti.

Mfiwa asiye na minyani ndiye ninayemhurumia kuliko wote. Ana deni la upendo na hawezi kulilipa kama alivyofundishwa. Mtafutieni jumuiya yenye minyani mahali pengine itakayomsemea Kadishi, mtumieni jina la marehemu na la baba yake. Yeye mwenyewe asome sura ya Mishna na atoe sadaka kwa ajili ya marehemu. Sala ya kumbukumbu ya Yizkor anaweza kuisema peke yake nyumbani.

Ndugu wa Mbale wanatufundisha hapa. Jumuiya ya Abayudaya ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, na enzi za Idi Amin, Uyahudi ulipopigwa marufuku, walisali kwa siri majumbani. Uganda ilipofunga nyumba za ibada Machi 2020, hata kabla ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa nchini, wazee wao walikuwa tayari wameshajua kwamba sala inaweza kuishi sebuleni.

Hatua ya 9: Mwaka Mpya na sauti ya pembe

Rosh Hashana haina mbadala wa video kwa wengi wetu, kwa sababu amri ni kusikia sauti ya shofa yenyewe, pembe la kondoo dume. Mishna inasema aliyepigia pembe ndani ya shimo, msikilizaji akisikia mwangwi tu hajatimiza. Wengi wakaiona simu kuwa kama mwangwi huo. Lakini Mishna hiyohiyo inatufungulia mlango: aliyekuwa akipita nyuma ya sinagogi, au mwenye nyumba jirani nayo, akisikia shofa na kuuelekeza moyo wake, ametimiza.

Basi ipeleke pembe kwa watu. Mwaka 2020 miji mingi ya dunia ilisikia shofa kwenye kona za barabara na viwanja vya nje. Siku ya kwanza ya Rosh Hashana mwaka ule ilikuwa Shabati, na kwa Waorthodoksi shofa hailii Shabati, hivyo walibakiwa na Jumapili ya Septemba 20 peke yake. Panga njia: saa tatu kona fulani, saa tatu na nusu nje ya nyumba ya wazee, saa nne uani hospitali kwa ruhusa. Milio 30 inatosha kwa wajibu, ingawa sinagogi hupiga 100. Mpigaji asimame mbali na watu, mdomo wa pembe ukielekea pasipo na mtu, na pembe lisipokezanwe.

Au jifunze kupiga mwenyewe, ukianza mwezi wa Eluli unaotangulia. Pembe la kondoo dume linapatikana kwa wachinjaji. Wayahudi wa Yemeni hutumia pembe refu la tandala, lakini usilitafute huku: sheria za wanyamapori za Kenya haziruhusu kumiliki pembe hilo bila kibali.

Tashlihi, kwenda penye maji kuomba dhambi zitupwe, nendeni kwa nyakati tofauti. Inaruhusiwa hadi mwisho wa Sukoti, Sikukuu ya Vibanda, hivyo hakuna haja ya msongamano mtoni.

Hatua ya 10: Yom Kippur kwa mgonjwa

Soma hatua hii mapema, si siku yenyewe. Mwenye ugonjwa wa hatari, au anayeuguza akiwa dhaifu, amwulize daktari na rabi wiki moja kabla. Daktari akisema ale, anakula. Na mgonjwa mwenyewe akisema anahitaji chakula, Talmudi inasema asikilizwe yeye hata kama madaktari mia wanasema hahitaji, kwa kuwa imeandikwa katika Mithali 14:10 kwamba moyo ndio unaojua uchungu wake wenyewe.

Wengine huelekezwa kula kidogokidogo. Kipimo cha Mishna kwa chakula ni tende kubwa pamoja na kokwa yake: mgonjwa hula pungufu ya hapo, anapumzika dakika kadhaa, anarudia. Kinywaji ni pungufu ya kinachojaza shavu. Nunua kikombe kidogo cha dawa chenye alama ili asihangaike kukadiria. Lakini kama hali ni mbaya hakuna kupima. Mpe maji.

Na aliyekula asione haya. Aseme sala zake, avae nyeupe, akae siku nzima ndani ya Yom Kippur.

Sikukuu nyepesi zaidi

Sukoti iko nje tayari. Kibanda chenye upepo, paa la makuti mabichi yasiyosukwa au matawi yaliyokatwa, kivuli kikizidi jua na nyota zikionekana. Nyumba moja kibanda kimoja. Aliyelala mgonjwa na anayemhudumia wamesamehewa na Mishna kukaa kibandani. Mikono ioshwe kabla na baada ya kushika aina nne za mimea ya sikukuu hii kama familia inazitumia kwa zamu.

Hanuka, sikukuu ya taa, haikupoteza chochote: taa huwashwa nyumbani, na kwa wakati wa hatari Talmudi inasema ziwekwe mezani, inatosha.

Purimu, sikukuu ya kumkumbuka Esta, inahitaji tahadhari zaidi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2020 iliangukia Machi 9 na 10, na Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga Machi 11. Watu walikuwa wamekumbatiana jana yake. Kisomo cha kitabu cha Esta kifanyike uwanjani, vyakula vya zawadi vifungwe na kuachwa mlangoni, na sadaka ya maskini itumwe kwa simu asubuhi ileile.

Aliyekosa yote

Kuna atakayekuwa hospitali usiku wa Seder, mpira wa oksijeni puani. Baadaye atauliza afanye nini. Katika Hesabu 9 watu waliokuwa wamegusa maiti walimwendea Musa wakalalamika kwa nini wazuiliwe kutoa sadaka pamoja na wenzao, na jibu lililokuja halikuwakemea. Walipewa siku nyingine, mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 ya mwezi wa Iyari. Seder haifanywi upya siku hiyo, lakini wengi wetu bado tunakula matza kidogo kwa kumbukumbu yake. Kwa hiyo unapopanga vikapu vya Hatua ya 4, weka kando pakiti moja ya ziada, uifunge vizuri isiingie unyevu, uandike juu yake jina la aliyelazwa.